NDEGE WA MIIBANI
Darasa ya Kiumbe Kidogo na Makao Yake

Darasa hii ni khabari ya ndege mdogo, ambaye urefu wake kutoka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia ni kiasi cha sentimita 12 tu. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo lake ni jeupe, na katika bawa lake pana baka jeupe linaloonekana anaporuka. Hana rangi za kupendeza kama chiriku wa tunduni, wala hafugwi na mtu. Watu wa pwani hawamjui, na hata wenyeji wa nchi anayokaa wengi wao humpita bila ya kumtazama.

Makao yake ni katika nchi ya Wasukuma, kwenye mbuga zilioko baina ya ziwa la Victoria na nyika ya Serengeti. Sehemu kubwa ya nchi hiyo siku hizi ni mkoa wa Simiyu, ambao mji wake mkuu ni Bariadi. Mkoa huo ulitengwa na Shinyanga mwaka 2012, ukapewa wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Na jina lake ni jina la mto Simiyu, unaoteremka kwenda kumwaga maji yake ziwani. Wazee wa Bagamoyo na wa Unguja waliwajua Wasukuma kwa sababu walikuwa wakishuka pwani pamoja na Wanyamwezi, wamechukua mizigo ya wenye misafara. Lakini waliowajua watu walikuwa wengi kuliko walioijua nchi yao.

Wanavyuoni wa ndege humwita huyu apalisi wa Karamoja. Sababu yake ni kwamba alielezwa mara ya kwanza mwaka 1921, na mtu aitwaye van Someren, kutokana na ndege aliyepatikana Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Walio Tanzania walikuja kutambuliwa baadaye sana, mwaka 1985, kuwa ni tawi mbali la ndege huyo huyo. Baina ya Karamoja na nchi ya Wasukuma pana mamia ya kilomita, na sehemu kubwa ya njia hiyo hakuna ndege huyu. Hapa mwenye kufikiri atauliza: Ndege ana mbawa, na upepo hauna mpaka, ni kitu gani kimzuiacho kukaa katikati? Jawabu ni mti.

Mti huo ni aina ya mgunga. Si mgunga mrefu wenye kivuli cha mwavuli uonekanao katika picha za Serengeti, bali ni mdogo, mara nyingi haumzidi mtu kwa kimo kikubwa, matawi yake ni meusi na miiba yake ni mirefu, meupe na iliyonyooka. Nao hupenda udongo ambao miti mingine huuchukia, yaani udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo wakati wa masika hulowa ukawa tope la kumzamisha ng'ombe, na wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingia mguu wa mtu. Mizizi ya miti mingi hukatika kwa kupasuka huko. Mgunga huu hustahimili, ukajaza mbuga peke yake maili baada ya maili, kama shamba la minazi lililopandwa na mtu mmoja.

Chini ya baadhi ya miiba mti huu huota vifundo vya mviringo, vikubwa kama limau dogo au kupungua kidogo, vyenye uwazi ndani. Sisimizi huvitoboa wakafanya nyumba humo. Upepo wa kusi unapopita katika matundu hayo vifundo hutoa sauti ya mluzi, na ndiyo sababu Wazungu wakauita mti huu kwa jina la mwiba upigao mluzi. Mti huwapa sisimizi nyumba na maji matamu yatokayo katika majani; na sisimizi hulipa kodi kwa kuulinda. Twiga akitia ulimi wake, au mbuzi akaanza kutafuna, hutoka kwa maelfu wakamng'ata midomo na pua hata akaenda zake. Wameonekana aina nne za sisimizi wanaougombania mti huu katika nchi ya Laikipia, huko Kenya, na killa aina ina tabia yake: wako walinzi wa kweli, na wako wanaokula kodi ya mti bila ya kufanya kazi.

Katika Laikipia hiyo watu wa ilimu walizungusha ua sehemu fulani za mbuga tangu mwaka 1995, ili wanyama wakubwa wasiingie, wapate kutazama mti utakuwaje. Killa mtu angalidhani kuwa mti usioliwa na tembo wala twiga utastawi zaidi. Ikawa kinyume. Khabari iliyotangazwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba mti ulipoona hauna adui ulipunguza vifundo na maji matamu. Walinzi wazuri wakadhoofika, wakaingia wale wavivu ambao hawajali bunguo wachimbao shina. Na miti ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyoachwa nje ya ua ikitafunwa. Basi mti, sisimizi na mnyama ni washirika watatu wa biashara moja, na akitoka mmoja hesabu za wote huharibika.

Na yako mengine yaliyoonekana huko huko. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, waliochukuliwa na watu katika mizigo mpaka wakaenea nchi nyingi za joto, wameingia katika mbuga za Laikipia wakawaua wenyeji. Mti uliobaki bila ya mlinzi huvunjwa na tembo. Mbuga ikawa wazi, punda milia wakamwona simba kutoka mbali, na simba akashindwa kuwakamata kama zamani, akageukia nyati. Khabari hii ilitangazwa mwaka 2024. Yatajwa hapa kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kichaka cha miiba ni kitu kisicho na kazi, kinachongoja kung'olewa tu.

Apalisi wa Karamoja amefunga maisha yake na mti huu. Hutembea matawini, mara nyingi wawili wawili au jamaa moja ndogo, akiokota wadudu mmoja mmoja katika majani na magome. Palipo na mgunga huu juu ya udongo mweusi huenda akapatikana. Katika nyika ya Wembere, katika sehemu za Serengeti na mbuga zinazoizunguka, na upande wa Kenya karibu na Mara. Palipokosekana mti huo hatafutwi. Hiyo ndiyo sababu ya pengo lile lililoko baina ya Uganda na Tanzania. Mbayuwayu huvuka bara na bahari akarudi. Huyu havuki shamba la pamba.

Na pamba ndiyo mali ya Simiyu. Hapana mkoa katika Tanzania uliotajika kwa pamba katika miaka hii kama huu. Mkulima wa Bariadi hulima pamba apate fedha, mahindi na mtama apate chakula, na akiba yake huiweka katika ng'ombe, kama mtu wa mjini anavyoweka yake katika dhahabu ya mkewe. Killa moja katika hayo linataka ardhi. Zamani udongo mweusi uliachwa kwa sababu jembe la mkono huushindwa. Lakini plau ya maksai, na baada yake trekta, zimeufikia. Pale pasipolimwa, mgunga hukatwa kwa kuni na makaa, kwa kuwa mti wake ni mgumu na moto wake ni mkali.

Shirika la kimataifa linaloshughulika na hifadhi ya viumbe huandika Orodha Nyekundu, ambayo ndani yake killa kiumbe hupewa daraja yake ya khatari. Apalisi wa Karamoja kwa miaka mingi amewekwa katika daraja ya kwanza ya khatari. Juu ya daraja hiyo iko ya pili, na juu ya hiyo iko ya tatu, ya mwisho, ambayo baada yake hapana ila kutoweka. Huyu wa Simiyu hajafika huko. Lakini anaye ndugu aliyefika, naye yu karibu na watu wa pwani kuliko wanavyodhani.

Ndugu huyo ni apalisi wa Taita. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi huiona milima ya Taita upande wa kushoto wa njia inapoinuka kutoka nyikani, vilele vyake vimefunikwa na mawingu yaliyotoka Bahari ya Hindi. Mawingu hayo ndiyo yaliyolea msitu wa milimani, na katika msitu huo, wala si mahali pengine popote duniani, hukaa ndege mdogo mwenye koo la weusi na macho meupe meupe. Alielezwa na Moreau mwaka 1938. Msitu wenyewe umekatwa vipande: Mbololo, kiasi cha hekta 200; Ngangao, kiasi cha hekta 120; na vingine kama Chawia, Fururu na Vuria, ambavyo baadhi yake mtu aweza kuvizunguka kabla ya adhana ya adhuhuri kufika ya alasiri. Katika miaka baina ya 1955 na 2004 nusu ya msitu wa asili wa Taita uliokuwa umebaki ilikwisha, na pengine pote pamepandwa misonobari na mikalitusi, ambayo kwa mbali ni kijani kama msitu, na kwa ndege ni nyumba isiyo na chakula.

Ndege hao walihesabiwa mwaka 2001, wakahesabiwa tena kiasi cha miaka minane au tisa baadaye, na kuonekana kwao kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Na khabari ya kusikitisha ni kwamba katika miaka hiyo msitu haukukatwa kwa kiasi hicho. Ndege alipungua ndani ya msitu uliobaki. Kwani kipande kidogo kikizungukwa na mashamba, wezi wa mayai huingia kutoka pande zote. Matundu yake hayako juu, na makinda huliwa kabla ya kuruka. Jamaa ya Ngangao haiwezi kuoa katika jamaa ya Mbololo, kwa kuwa baina yao liko bonde lenye joto ambalo ndege wa msitu wa baridi halivuki. Shirika la Nature Kenya pamoja na vikundi vya wenyeji wamekuwa wakipanda miti ya asili mahali pa ile ya kigeni. Mti wa asili hauna haraka.

Basi Taita ni kioo ambamo Simiyu yaweza kujitazama. Aina mbili hizi ni za ukoo mmoja, mmoja wa mlima wenye ukungu na mmoja wa mbuga yenye jua, na maradhi yao ni mamoja: makao yaliyokatwa vipande mpaka kipande kisitoshe.

Huenda mtu akasema: Mkulima wa Bariadi ana watoto wa kulisha, ada ya skuli na madeni ya mbegu na dawa ya pamba, je, atakiwe aache shamba kwa ajili ya ndege asiyeliwa wala kuuzwa? Swali hili ni la haki, na mwenye kulidharau hajui taabu ya kilimo cha mvua. Lakini limejengwa juu ya dhana kwamba kichaka kina faida kwa ndege peke yake. Wasukuma wenyewe hawakuwa na dhana hiyo, na khabari yao ni hii.

Tangu zamani wao wana desturi iitwayo ngitili. Maana yake ni malisho yaliyofungwa. Masika yanapoingia mtu, au kijiji, hutenga sehemu ya ardhi na kuzuia mifugo isiingie. Nyasi hukua, miti hupumzika. Na kiangazi kinapokuwa kikali, majani yamekwisha kila mahali, ndipo hufunguliwa kwa ajili ya ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na maksai wa kulimia. Ulinzi wake ulikuwa kwa sheria za wazee wanaokutana katika baraza iitwayo dagashida, na mvunjaji alitozwa faini.

Desturi hiyo ilipatwa na mapigo mawili. La kwanza lilikuja na Waingereza katika miaka ya 1920. Ndorobo alikuwa ameenea, akiua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, na kwa kuwa ndorobo hukaa kichakani, Swynnerton, aliyekuwa mkubwa wa wanyama pori na kisha wa utafiti wa ndorobo, alishirikiana na watemi wa Shinyanga kuwatoa watu kwa maelfu kwenda kukata vichaka. Haifai kuwalaumu kwa kazi hiyo peke yake, kwani maradhi yalikuwa ya kweli na ng'ombe walipona. Lakini watu wakafundishwa kwa miaka mingi kwamba ardhi nzuri ni ardhi iliyo tupu. La pili lilikuja baada ya uhuru, katika miaka ya 1974 na 1975, watu walipohamishwa kuingizwa katika vijiji vya pamoja. Aliyehamishwa aliiacha ngitili yake nyuma, na kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukikata. Mashamba ya pamba na wingi wa ng'ombe yakamaliza yaliyobaki, hata Rais Julius Nyerere, alipoizuru nchi hiyo katika miaka ya 1980, akaiita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa ufupisho HASHI, kwa msaada wa Norwei. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zote zilikuwa Shinyanga. Mwanzo ilitaka kupanda miche, kama zilivyo serikali zote. Kisha wakubwa wake wakafanya jambo la akili: wakawauliza wazee. Wazee wakasema, fungeni ardhi mwache mizizi iliyo chini ifanye kazi yake. Ilipofika mwaka 2004, kazi hiyo ilipokoma, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili katika vijiji 833, na waliohesabu walikuta ndani yake aina 145 za ndege. Faida kwa watu ilikuwa kuni zilizo karibu, ambazo ziliwapunguzia wanawake mwendo wa masaa. Majani ya kuezekea, asali, dawa, na malisho ya kiangazi. Ndege waliingia bila ya kualikwa.

Msomaji mwenye ilimu ya dini atakuwa amekwisha kukumbuka himaa. Mtume (s.a.w.) aliifanya Naqii kuwa himaa kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) akaifanya hivyo Sharaf na Rabadha. Na imepokewa kwamba Umar alimpa mlinzi wake wa himaa, jina lake Hunayy, maagizo: awaachilie kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, akawataja Ibn Awf na Ibn Affan kwa majina, nao ni masahaba wakubwa. Sababu yake ni kwamba tajiri wanyama wake wakifa ana mashamba na mitende ya kurejea, lakini maskini wakifa wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa mtawala, na hapo itamlazimu kutoa fedha mahali pa majani.

Jambo hilo ndilo linaloumiza katika ngitili za leo. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo pana na hulikodisha wakati wa njaa ya malisho. Asiye na kitu hana cha kufunga, na ngitili ya kijiji, ambayo ndiyo tegemeo lake, ndiyo inayomegwa kwanza panapotafutwa mashamba ya vijana. Mwanamke maskini asipopata kuni katika ngitili ya kijiji huenda mbugani, na huko anaukuta mgunga wa miiba, ambao hauna mwenyewe wala sheria. Hivyo adha ya mtu na adha ya ndege hutoka katika mlango mmoja.

Wala haina maana kwamba mgunga huu usikatwe kabisa. Mti huu ukikatwa huchipua kutoka kisikini, na ukiunguzwa huchipua. Wachunguzi wa Laikipia walitangaza mwaka 2001 kwamba mbuga ya mgunga huu ikikatwa kwa makaa kisha ikaachwa ipumzike kiasi cha miaka 14, yaweza kukatwa tena bila ya kufilisika. Miaka 14 ni muda wa mtoto kuzaliwa na kufika balehe. Si mwingi kwa kijiji chenye sheria, na ni mwingi mno kwa mtu mmoja mwenye deni. Na liko sharti lingine ambalo kwa makaa si kitu, na kwa ndege ni kila kitu: kukata kwa zamu. Mbuga ikikatwa yote mwaka mmoja, mizizi itabaki hai chini na mti utarudi, lakini apalisi hana mahali pa kungojea. Ikigawanywa sehemu, ikakatwa moja na nyingine zikaachwa zimesimama, zikiwa zimeungana pasiwe na shamba pana katikati, huhama mti kwa mti mpaka sehemu iliyokatwa iwe imekwisha kuota vifundo tena na sisimizi wamerudi kuvitoboa.